Je, Wajua? Ripita Kilimani Ina Mwenyewe

Je, wajua kwamba watu wawili wenye redio za upepo mkononi, wakisimama kwenye uwanda usio na mti wala nyumba, huacha kusikilizana wakiachana kilomita 10 hivi, hata kama betri zao zimejaa? Redio hazina kosa. Dunia ni mviringo, na mawimbi ya VHF na UHF hayapindi sana kuifuata. Mafundi wana hesabu yao ya haraka: chukua kimo cha antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.12, jibu ni kilomita hadi mwisho wa upeo wa redio hiyo. Antena iliyo mita moja na nusu kutoka ardhini inakupa kilomita 5. Mwenzako naye ana 5 zake. Ndiyo maana ya zile 10, na hizo ni za kwenye karatasi. Ndani ya mikorosho na mabonde ya Ruangwa, kusini mwa Tanzania, mara nyingi hata nusu yake haipatikani.

Pandisha antena ile ile juu ya kilima, mita 300 juu ya nchi inayoizunguka, na hesabu inaruka hadi kilomita 71. Barabara ya Ruangwa mjini hadi Nachingwea mjini haifiki kilomita 50. Maana yake ni kwamba sanduku moja la redio, likiwekwa mahali pazuri, linaweza kuwaunganisha watu wa miji yote miwili na vijiji vya katikati, kila mmoja akiwa na redio ndogo ya wati 5 kiunoni. Sanduku hilo mafundi wanaliita ripita. Kazi yake ni kusikia sauti dhaifu kwenye masafa fulani na kuirusha papo hapo, kwa nguvu, kwenye masafa mengine.

Je, wajua kwamba ripita hupokea na kurusha kwa wakati mmoja, mara nyingi kwa antena moja? Jambo hili linastahili kutazamwa kwa karibu. Mtambo unarusha wati 50. Wakati huo huo sikio lake linatafuta sauti inayofika ikiwa na chini ya nusu ya sehemu moja ya milioni ya volti. Ukilinganisha nguvu inayotoka na ile inayoingia, ya kwanza inaizidi ya pili mara trilioni nyingi. Kinachozuia mtambo usijizibe masikio kwa sauti yake mwenyewe ni safu ya makopo makubwa ya chuma yaliyong'arishwa ndani, kila moja likiwa limerekebishwa kwa mkono, kwa skrubu, lipitishe masafa mamoja na kuyazuia mengine. Kwenye bendi ya mita 2 ya waendesha redio wa ridhaa, tofauti kati ya masafa ya kuingia na ya kutoka huwa kilohezi 600 tu. Kopo moja likigongwa au likisogezwa na mtu asiyejua, ripita nzima inakuwa kiziwi. Fundi wa kulirekebisha, kwa sisi wa Kusini, huenda akalazimika kutoka Dar es Salaam na vifaa vyake vya kupimia.

Nimeanza na mitambo kwa sababu adabu ya ripita haieleweki mpaka mtu ajue kilichoko kule juu. Wengi hudhani hewa ni ya wote, basi chochote kinachosikika hewani ni cha wote. Masafa ni mali ya taifa, ni kweli, na yanagawiwa na serikali kwa leseni. Lakini mnara, makopo yale, nyaya, paneli za sola, betri, uzio na mshahara wa mlinzi vimelipiwa na mtu au taasisi fulani: mgodi, hospitali ya misheni, kampuni ya ulinzi, kampuni ya uwindaji wa kitalii, shirika la misaada, au kikundi cha waendesha redio waliochangishana.

Hesabu ya betri peke yake inatosha kumfanya mtu afikiri. Mtambo wa wati 50 unaporusha hunyonya kama ampea 10 kutoka kwenye betri ya volti 12. Betri ya ampea-saa 100 ingeweza kuulisha saa 10, lakini betri za risasi na asidi hufa mapema zikikamuliwa hadi chini, kwa hiyo mwenyewe anahesabu saa 5 za kuongea. Jua litarudisha kesho, likiwepo. Huku kwetu mvua huanza karibu Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na mawingu ya miezi hiyo hayana huruma na sola. Miezi hiyo hiyo ndiyo njia za vumbi huwa matope, gari la wagonjwa hukwama, na redio ikawa ndiyo tegemeo. Mtu anayepiga soga nusu saa kwenye ripita asiyoichangia chochote anatumia akiba ya usiku ya mtu mwingine.

Na usiku wa huku una mambo. Wilaya za Nachingwea na Liwale zimepakana na nchi ya wanyama, na tembo kuvamia mashamba ni habari ya kila msimu. Askari wa wanyamapori na walinzi wa vijiji wanapowafukuza gizani, wanaohitaji kusikilizana ni watu waliotawanyika porini, wengine wakiwa mabondeni ambako simu haishiki. Sekunde 10 za ripita kukaliwa na mtu asiyehusika si jambo dogo hapo.

Je, wajua sheria ya Tanzania inasemaje? Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 haimruhusu mtu kutumia masafa ya redio bila leseni, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Hata chombo chenyewe kinatakiwa kiwe cha aina iliyoidhinishwa. Hapa watu huchanganya mambo mawili. Ruhusa ya mwenye ripita haikupi leseni. Na leseni yako haikupi ruhusa ya ripita ya mtu. Meneja wa ghala anaweza kuwa rafiki yako wa utotoni, akakwambia "tumia tu, kaka, hamna shida," lakini masafa aliyopewa yameandikwa kwa ajili ya mtandao wake na vituo vyake, na si juu yake peke yake kukukaribisha. Kadhalika, mwendesha redio wa ridhaa mwenye kitambulisho halali kinachoanza na 5H, alama ya Tanzania, hana haki ya kuingia kwenye ripita ya mgodi eti kwa kuwa redio yake inafika.



Je, wajua kuna sauti inayosafiri chini ya sauti yako kila unapobonyeza kitufe, na husikii? Ni toni nzito, kati ya hezi 67 na 254.1, chini kidogo ya mahali redio inapoanza kupitisha maneno. Ripita nyingi hazifunguki bila toni sahihi. Toni hufanya kazi ya hodi: inaujulisha mtambo kwamba anayekuja anaifahamu nyumba. Lakini anayejibu hodi hiyo ni mashine, nayo hujibu kila anayeigonga, mwenyeji na mwizi. Karibu yenyewe inatoka kwa watu. Redio ndogo za Kichina zilizojaa madukani, kama Baofeng UV-5R, zina uwezo wa kusikiliza ripita na kuitambua toni yake kwa dakika chache. Vijana wengi hujifunza hivyo, na sioni ubaya katika udadisi wa kujua mtambo unavyofanya kazi. Ubaya unaanza kidole kinapobonyeza kitufe cha kurushia. Kuijua toni ya ripita ni kujua namba tu.

Kwa nini basi toni iliwekwa, kama hailindi? Iliwekwa hasa kuzuia mtambo usifunguliwe na kelele: taa mbovu, jenereta, au kituo cha mbali chenye masafa yale yale ambacho siku nyingine hali ya hewa hukileta karibu. Kampuni ya Motorola iliuza mfumo huo kwa jina linalodokeza faragha, na tangu hapo watumiaji wengi wamekuwa wakiamini wanaongea kwa siri. Hawaongei kwa siri. Yeyote aliyezima toni kwenye redio yake anawasikia neno kwa neno.

Hilo linatupeleka kwenye kusikiliza. Kanuni za Redio za Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, zinazitaka nchi wanachama kuzuia unasaji wa mawasiliano yasiyokusudiwa umma, pamoja na kuyatangaza kwa wengine. Sheria yetu ya 2010 nayo inakataza unasaji bila mamlaka. Kwa hiyo aliyesikia kwa bahati mbaya zahanati ikiomba gari kwa ajili ya mama mjamzito wa kijiji fulani, asilipeleke jambo hilo kijiweni. Na upande wa pili, wahudumu wenyewe wajifunze kutotaja majina ya wagonjwa hewani. Umri, hali, mahali, na namba ya jalada vinatosha.

Je, wajua kosa la adabu linalowakera wenye ripita kuliko yote? Wala si matusi. Ni kubonyeza na kuachia. Mtu anataka kujua kama redio yake inafika, basi anabonyeza kitufe bila kusema kitu, anasubiri. Ripita inafunguka, inabaki hewani sekunde mbili tatu (mafundi huziita mkia), inazima. Mtu ameridhika. Lakini kila redio kwenye mtandao ule imefunguka, imetoa mkwaruzo, na kila mlinzi aliyesinzia ameinua kichwa kuuliza nani. Anarudia tena. Na tena. Mtandao wenye redio 40 unaamshwa wote na mtu mmoja asiyejitaja. Kujaribu redio kunaruhusiwa kwa mwenye ruhusa, ila kwa maneno: taja kitambulisho chako, sema unajaribu, omba mtu akuambie anakupataje, shukuru, funga. Sekunde 8, na kila mtu amejua ni nani na kwa nini.

Mengine ni ya mkono na sikio. Sikiliza kwanza, na si kwa nukta moja. Mtu wa upande wa pili wa kilima anaweza kuwa anangoja jibu. Ukibonyeza, ngoja kidogo kabla ya kufungua kinywa, kwa sababu mtambo unahitaji sehemu ya sekunde kuitambua toni na kuamka. Asiyengoja hukatwa neno la kwanza, na neno la kwanza mara nyingi ndilo jina la anayeitwa. Wito kwa kituo cha Naipanga, "Naipanga, hapa gari namba mbili," unafika ukiwa "panga, hapa gari namba mbili," na Naipanga hawajui kwamba ni wao. Mwenzako akimaliza, ripita nyingi hutoa mlio mfupi. Uache mlio huo upite ndipo uingie. Ndani ya mtambo kuna saa inayohesabu, mara nyingi dakika 3, na kwenye ripita nyingi saa hiyo hurudi sifuri baada ya mlio. Wanaoparamiana kabla ya mlio hujikuta wamekatwa wote wawili katikati ya maneno, kisha wanalaumu betri.

Nafasi ile kati ya sauti na sauti ina faida nyingine iliyo kubwa zaidi. Redio hizi hutumia FM, na kipokezi cha FM kina tabia ya kushika sauti yenye nguvu zaidi na kuiacha dhaifu itoweke kabisa. Watu wawili wakibonyeza pamoja, ripita itamsikia aliye karibu mwenye antena nzuri juu ya gari. Aliye korongoni, betri imebaki kidogo, antena imekatika nusu, hatasikika hata kwa mkwaruzo, na hakuna atakayejua kwamba alijaribu. Ndege za abiria zinaendelea kutumia AM hadi leo, na moja ya sababu zinazotajwa ni hiyo: wawili wakiongea pamoja, wengine husikia vurugu na kujua kuna mtu wa pili. Kwenye ripita ya FM, nukta mbili za ukimya ndizo mlango pekee wa mnyonge. Kwa maoni yangu hii ndiyo kanuni ambayo ingefundishwa kabla ya nyingine zote.

Tena, mkiwa mnaonana au mko pande mbili za soko moja la Nachingwea, hamhitaji ripita. Hamieni masafa ya moja kwa moja mliyopewa, redio kwa redio, na kilima kipumzike.

Je, wajua kwamba Nachingwea ina historia ndefu ya wageni waliosikika kwa mtambo wa mwenyeji? Kuanzia katikati ya miaka ya 1960, FRELIMO ilikuwa na kambi yake kuu ya mafunzo Nachingwea, iliyojulikana kama Farm 17, na Samora Machel alikuwa miongoni mwa walioiongoza kazi hiyo. Wapiganaji walifunzwa huku, lakini sauti yao kwa watu wa Msumbiji ilirushwa kutoka Dar es Salaam. Redio Tanzania ilivipa vyama vya ukombozi muda wa matangazo kwenye idhaa yake ya nje: FRELIMO, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, ZANU ya Zimbabwe. Mitambo ilikuwa ya Tanzania, umeme wa Tanzania, masafa ya Tanzania. Wageni walikuwa na vipindi vyao na saa zao, na mwenyeji alijua nani yuko hewani na lini. Kwa kipimo cha mitambo ile, ripita ya kilimani ni kitu kidogo sana, lakini utaratibu wa kutumia mtambo wa mwenyeji ni ule ule: unajulikana, una muda wako, na unaongea kwa jina lako.

Je, wajua vilevile kwamba ujumbe mmoja wa redio uliozua ubishi wa miaka mingi ulihusu nchi hii ya Kusini? Mwaka 1917 vita kati ya Waingereza na Wajerumani vilikuwa vimefika Narungombe, ambayo leo iko wilaya ya Ruangwa, mwezi Julai, na Mahiwa, mkoani Lindi, mwezi Oktoba. Tarehe 21 Novemba meli ya angani ya Kijerumani L59 iliondoka Jamboli, Bulgaria, ikiwa na tani kama 15 za dawa, risasi na vifaa kwa ajili ya jeshi la Kijerumani la huku, lililoongozwa na von Lettow-Vorbeck. Siku ya pili usiku, ikiwa imeshafika anga za Sudan, karibu na Khartoum, ilipokea ujumbe wa redio ikiamriwa kurudi, kwa maelezo kwamba adui ameshika sehemu kubwa ya nyanda za Makonde na yuko Kitangari. Ikageuka. Ilitua ilikotoka baada ya saa 95 hewani na kilomita 6,757. Baadaye kukazuka madai kwamba ujumbe ule ulikuwa hila ya Waingereza, ingawa wanahistoria wengi hawayakubali. Kwamba swali hilo liliweza hata kuulizwa kunaonyesha kwa nini kanuni za kimataifa zinasisitiza kila kituo kijitambulishe. Sauti isiyo na jina hewani hufungua mlango wa kila dhana.

Nje ya mipaka yetu, ruhusa ya ripita imeandikwa waziwazi. Nchini Marekani, kanuni za redio ya ridhaa zinasema kumzuia mtu asitumie ripita, na kuiachia kwa watu wachache tu, ni halali. Yaani kuwa na leseni hakumlazimishi mwenye mtambo kukupokea. Kuna pia huduma iitwayo GMRS, inayopendwa na familia na wakulima: leseni yake ni dola 35 kwa miaka 10, haina mtihani, na inafunika familia nzima. Ina jozi 8 za masafa ya ripita, na ripita nyingi ni za watu binafsi waliozisimika kwa fedha zao. Ndugu zetu walioko kule na wanaotaka kuzitumia huambiwa jambo moja: mtafute mwenyewe kwanza, muulize. Wengi hukubali bure. Wengine huomba mchango wa umeme. Na akikataa, amekataa.

Je, wajua mwenye ripita ya kisasa anaweza kuizima redio yako akiwa ofisini kwake? Kwenye mifumo ya kidijitali kama DMR, ambayo kiwango chake kilitolewa Ulaya mwaka 2005, kila redio ina namba yake, na namba hiyo hupita hewani kila inapobonyezwa. Mtambo unaweza kukataa namba usiyoijua. Redio ikipotea au ikiibwa, mwenye mtandao anaweza kuitumia amri ya kulala, na kwa redio zinazoruhusu jambo hilo, inakuwa gogo hadi iamshwe tena. Masafa mamoja ya kidijitali hubeba mazungumzo mawili kwa zamu za haraka ambazo sikio halizitambui. Migodi na makampuni makubwa huipenda kwa sababu hiyo, na kadiri uchimbaji wa kinywe unavyokua Ruangwa, mifumo ya aina hii itazidi kuonekana huku.

Vifaa vya kukuza mawimbi ya simu navyo ni ripita, ingawa vinauzwa kama mapambo ya dukani. Ukikisimika bila idhini, kinaweza kuuvuruga mnara unaowahudumia watu wa tarafa nzima, nawe chumbani unaona vistari vimepanda. Ruhusa yake iko kwa TCRA na kwa kampuni ya simu yenye masafa hayo.

Je, wajua kuna ripita inayopita juu ya Ruangwa mara kadhaa kwa siku? Iko ndani ya Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, kilomita 400 hivi kutoka ardhini, na ilianza kufanya kazi Septemba 2020. Inapokea kwenye megahezi 145.990 kwa toni ya hezi 67 na kurusha kwenye 437.800. Kuisikiliza hakuhitaji zaidi ya redio ndogo na antena nzuri. Kuirushia kunahitaji leseni ya redio ya ridhaa, na adabu yake ni kali kuliko ya chini, kwa kuwa kituo kinapita kwa dakika kama 10 tu na watu wa nchi kadhaa wanaigombea nafasi hiyo hiyo.

Iko nyingine isiyopita wala kuondoka. Ni setilaiti ya Qatar, Es'hail-2, iliyorushwa Novemba 2018 na kusimama juu ya ikweta kwenye nyuzi 25.9 mashariki. Kutoka Nachingwea inakaa juu sana, upande wa kaskazini-magharibi. Wenyewe Waqatari walikubali kubeba humo mtambo wa waendesha redio wa ridhaa, wa kwanza wa aina yake kusimama mahali pamoja angani, na tangu hapo mwenye leseni wa Afrika Mashariki anaweza kuongea na Oman au Ujerumani saa yoyote. Sharti la wenyeji ni kwamba sauti ya mtu yeyote isizidi nguvu ya ishara ya mwongozo inayorushwa na setilaiti. Ukizidi, mfumo uitwao LEILA unakubandikia mlio wa king'ora juu ya sauti yako, kila mtu anasikia, mpaka upunguze. Ningependa kuona hata nusu ya uangalifu huo kwenye ripita zetu za vilimani.

Limebaki jambo la dharura, ambalo watu huliuliza kwanza na nimeliweka mwisho kwa makusudi. Kifungu cha 4.9 cha Kanuni za Redio za ITU kinasema hakuna chochote katika kanuni hizo kinachokizuia kituo kilicho hatarini, au kinachokisaidia, kutumia njia yoyote ya redio kilicho nayo ili kuomba msaada na kueleza kiko wapi na kina hali gani. Gari limepinduka njia ya Liwale, mtu anavuja damu, simu haishiki, na redio iliyo mkononi inafika kwenye ripita ya kampuni usiyoijua: bonyeza. Ngoja kidogo mtambo uamke, sema "dharura" mara mbili, jitaje, taja mahali, taja hali ya majeruhi, nyamaza usikilize. Wenye ripita wakikuelekeza kitu, fuata, kwa sababu wao ndio wanaojua nani yuko karibu. Wengine wote kwenye mtandao hunyamaza mpaka waitwe.

Ajali ikishakwisha, siku hiyo hiyo au kesho yake, mtafute mwenye ripita. Mweleze ulikuwa nani, saa ngapi uliingia, uliongea kwa muda gani na kwa nini, na umpe namba yako ya simu, maana huenda naye akatakiwa kuyaeleza hayo kwa TCRA. Ukitaka kuendelea kuitumia ripita yake baada ya hapo, ombi hilo ni jingine, linaandikwa upya kwa barua: idadi ya redio zako, mahali zitakapokuwa, saa utakazozitumia, leseni uliyo nayo, na utakachochangia kwenye betri.